Kesho ni 1 Julai: tarehe yetu ya mazungumzo

Habari za jioni, ndugu zangu. Kesho naomba tuanze na majirani zetu. Tarehe 1 Julai 1962 Rwanda na Burundi zilipata uhuru kutoka Ubelgiji, iliyokuwa ikizitawala pamoja kwa jina la Ruanda-Urundi. Kinachoniuma kila mwaka ni habari ya Mwanamfalme Louis Rwagasore wa Burundi. Chama chake, UPRONA, kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961, naye akauawa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo. Hakuiona siku aliyoipigania. Mwenye wazee wanaoikumbuka siku ile ya uhuru, tafadhali awaulize, kisha atutumie walau sauti fupi.

Miaka miwili kabla ya hapo, 1 Julai 1960, Somalia iliyokuwa chini ya Italia ilipata uhuru na papo hapo ikaungana na Somaliland. Siku hiyohiyo Ghana ikawa jamhuri, Nkrumah akiwa rais.

Kwa upande wa waliozaliwa, Diana wa Uingereza na mwanariadha Carl Lewis, mwenye dhahabu 9 za Olimpiki, walizaliwa siku moja, mwaka mmoja: 1961. Lakini muda mwingi tumpe Seretse Khama, aliyezaliwa Serowe mwaka 1921. Uingereza ilimzuia kuishi kwao kwa sababu alimwoa Ruth Williams, mwanamke Mzungu. Alirudi 1956, na miaka 10 baadaye akawa rais wa kwanza wa Botswana.

Tunaanza saa 2 usiku. Mliozaliwa 1 Julai, jitajeni mapema tuwapongeze.