Barua kwa mwanangu: jina la Featherstonehaugh

Mwanangu,

Jina uliloniuliza, Featherstonehaugh, lina herufi 17, ila wenyewe wengi hulitamka “Fensho” tu. Hapo ndipo watafutaji wa ukoo hupotelea, wanaandika walichosikia: Fanshaw.

Usidhani linahusu unyoya, hata kama Kiingereza cha leo kinasikika hivyo. Katika Kiingereza cha kale “fether” mwanzoni mwa neno ilikuwa nne na “stan” ni jiwe: mawe manne, labda matatu yamesimama na la nne limelazwa juu yake. “Haugh” ni ardhi tambarare kandokando ya mto. Penyewe ni Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, kwenye mto South Tyne karibu na Haltwhistle.

Makarani waliliandika kila mmoja alivyoona. Sir Timothy, aliyekatwa kichwa Chester mwaka 1651 kwa kuupigania upande wa mfalme, ni Fetherstonhaugh. Mwanajiolojia George William, aliyefariki 1866, ni Featherstonhaugh. Hakuna aliyekosea.

Sasa kazi ya kuutafuta ukoo. Anza na aliye karibu nawe, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Cheti cha ndoa kitakupa jina na kazi ya baba. Cha kuzaliwa kitakupa ukoo wa mama kabla hajaolewa. Vyeti vya serikali huko vinaanzia tarehe 1 Julai 1837. Nyuma ya hapo ni madaftari ya parokia, yaliyoamriwa mwaka 1538, na mengi ya miaka ya mwanzo yamepotea. Katika sensa ya 1841 chunga umri: waliozidi miaka 15 kwa kawaida umri wao ulishushwa hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano, mtu wa 34 akaandikwa 30.

Usiitegemee sana kompyuta. Mfumo wa Soundex, unaopanga majina kwa sauti, unampa Featherstonehaugh namba F362 na Fanshaw F520, kwa hiyo ukitafuta moja hutaliona la pili. Penye kuruhusu nyota (*), inayosimama badala ya herufi zozote, andika F*th*rst*n*, kisha tafuta Fanshaw peke yake. Lakini ukikuta Fanshawe usishangilie bado. Upo ukoo mwingine kabisa wa jina hilo, asili yake Derbyshire. Parokia ndiyo itakayokuamulia, si tahajia.

Halafu tarehe, maana hizi zimevuruga koo nyingi. Kabla ya 1752 mwaka wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ukisoma ndoa ya Mei 1700 na ubatizo wa mtoto Februari 1700, usiwafikirie vibaya wazazi; hiyo Februari ni ya 1701 kwa hesabu yetu. Kwenye daftari lako andika 1700/01, zote mbili.

Anzia Haltwhistle, kisha uniandikie.

Baba yako