Wimbo ukiumiza masikio, kupunguza sauti hakutoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na watengenezaji wa muziki, watangazaji wa redio na wazazi. Mtu akiziba masikio wimbo unapopigwa, huambiwa apunguze sauti, na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa wenye masikio makali kupita kiasi, wakiwamo watu wengi wenye usonji na wenye kipandauso, wimbo unaweza kupunguzwa hadi maneno yasisikike na bado ukaumiza. Kinachowatesa ni ukali wa mlio, ughafla wake na mkwaruzo wake, na mambo hayo huamuliwa studio.

Tuanze na ukali. Sikio la binadamu husikia vizuri zaidi masafa ya kati ya hezi 2,000 na 5,000 (hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde), maana umbo la mfereji wa sikio lenyewe hukuza milio iliyo karibu na hezi 3,000. Humo ndimo mna makali ya sauti ya mwimbaji, makofi na gitaa la umeme. Mafundi hupenda kupapandisha hapo ili mwimbaji asikike hata kwenye spika ndogo ya simu. Zikiongezwa desibeli 4 au 5, wengi wetu tutasema wimbo umechangamka. Mwenye masikio makali atasema unachoma, na hatakuwa anatia chumvi.

Juu kidogo ya hapo, takriban hezi 5,000 hadi 9,000, kuna matoazi na zile “s” na “sh” za mwimbaji. Kosa la kawaida ni la kompresa, kifaa cha studio kinachoshusha sauti zilizo kubwa. Hubana irabu, ambazo ndizo zenye nguvu. Kisha fundi anapopandisha sauti nzima kufidia, “s” zilizokuwa ndogo nazo hupanda na kuanza kukata kama wembe. Dawa yake ni kichujio kinachobana masafa hayo pale tu “s” inapojitokeza, kwa desibeli 3 hadi 6. Kikizidishwa, mwimbaji husikika kama ana kitembe, kwa hiyo kipimwe kwa sikio, si kwa macho kwenye skrini.

Ughafla ni jambo jingine kabisa. Ndani ya sikio la kati kuna msuli mdogo unaokaza ili kupunguza sauti kubwa, lakini huchelewa, wakati mwingine kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kishindo kinakuwa kimeshaingia. Ndiyo maana ule mtindo wa kukata biti, kuacha kimya kidogo, halafu kuangusha ngoma na besi zote kwa pamoja, humshtua mtu huyu kuliko wimbo wenye kelele mwanzo hadi mwisho. Si lazima mtindo uachwe. Kimya kiachiwe mkia wa mwangwi, pigo la kwanza lishushwe desibeli 3 au 4, au litanguliwe na mlio unaopanda taratibu ili msikilizaji ajue kinachokuja. Ama ving'ora na milio ya risasi inayopachikwa kunogesha wimbo, hiyo naiona ni uvivu wa utunzi. Mwili huipokea kama hatari kabla akili haijatambua kuwa ni muziki.

Mkwaruzo hutokea nguvu ya sauti inapopanda na kushuka haraka, kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde. Mayowe ya binadamu yana tabia hiyo hiyo, na haishangazi kwamba yanasumbua. Gitaa lililopotoshwa makusudi huileta. Spika iliyozidiwa nguvu huongeza uchafu wake. Na limita, kifaa kinachozuia sauti kupita kiwango fulani, ikibanwa mno humnyima msikilizaji pa kupumzika, kwa kuwa sehemu tulivu na sehemu kubwa zinakuwa kimo kimoja. Ubanaji huo hata kibiashara hauna maana tena. Huduma za muziki mtandaoni husawazisha nyimbo zenyewe. Spotify, kwa mfano, kwa kawaida hulenga LUFS -14, kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima. Wimbo uliobanwa utashushwa tu, ukibaki bapa na wenye kuchosha.

Besi haina kanuni moja. Iliyo chini ya hezi 100 husikika kifuani, hupenya kuta, na vizibo vya masikio haviisimamishi vizuri. Wapo inaowatuliza na wapo inaowatia kichefuchefu, hata ndani ya nyumba moja.

Kwa msikilizaji na mzazi: kabla ya kugusa kitufe cha sauti, fungua ikolaiza ya simu, yaani sehemu ya kupandisha na kushusha masafa, na ushushe eneo la hezi 2,000 hadi 5,000 kwa desibeli 3, kisha 6 ikibidi. Kama mlio unaoruka kutoka sikio moja hadi jingine ndio unaokera, washa sauti ya mono, ambayo hupeleka mlio uleule masikio yote mawili, katika sehemu ya ufikivu. Vizibo vya sponji hukata milio ya juu zaidi kuliko ya chini, hivyo wimbo hubaki besi tupu. Vile vya wanamuziki hupunguza kwa uwiano. Hedifoni za kuzima kelele hufanya kazi nzuri zaidi chini ya hezi 1,000, kwenye mngurumo usiobadilika, wala si kwenye kishindo. Lakini mwenye masikio makali asivae kinga siku nzima hata mahali tulivu. Ubongo unaonyimwa sauti huongeza unyeti wake, na tatizo huzidi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, liliweka kipimo cha vifaa vya kusikilizia: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, 75 kwa watoto. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kipimo hicho hulinda sikio lisiharibike, hakipimi maumivu. Mtoto anayelia kwa wimbo wa desibeli 65 asiambiwe anadeka.

Maprodyuza wangeweza kutoa toleo laini wakati sauti na ala bado ziko kwenye njia zake mbalimbali. Kukata milio ya juu kwenye wimbo uliokwisha kamilika hufifisha maneno na kuacha kishindo palepale. Asiyeweza hilo, basi aandike kwenye maelezo ya wimbo kilichomo na kinapotokea: king'ora, dakika 1:40, biti inakatika na kurudi kwa kishindo, dakika 2:15. Mtangazaji naye ayasome kabla ya kuupiga.

Fundi wa sauti, msomaji wako