Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, Tumsifu Yesu Kristo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Ziara za Makumbusho ya Jimbo hapa Cortona, Italia, zimefanyika kama zilivyopangwa, misa ya shukrani imesomwa, na maelezo ya Kiswahili kwa mahujaji yamechapishwa upya. Maelezo hayo niliyasahihisha mwenyewe mara tatu, hasa sehemu ya mchoraji Signorelli, mwana wa mji huu, na picha zake mbili: Maombolezo ya 1502 na Komunyo ya Mitume ya 1512.

Nije kwenye jambo lililoleta maneno. Ni kweli, mimi ndiye niliyeamua, kabla kamati haijaketi, kwamba kila kundi la mahujaji tunaloliongoza mbele ya picha ya Kupashwa Habari Bikira Maria ya Fra Angelico, mtawa mchoraji, lisizidi watu 10. Tulikuwa tunaingiza 25. Nimeambiwa nawachelewesha mahujaji na basi linawangoja nje ya kuta za mji. Malalamiko hayo nimeyasikia, na uamuzi wangu naushikilia.

Picha hiyo ilichorwa miaka ya 1430 kwa ajili ya kanisa la San Domenico la hapa hapa, na imechorwa juu ya mbao. Kazi za namna hii zilianza kwa kupaka ubao jasi iliyokorogwa na gundi ya ngozi, tabaka juu ya tabaka, kisha kuusugua hadi ulainike. Penye dhahabu palipakwa udongo mwekundu laini, ikalazwa dhahabu iliyofuliwa nyembamba, ikang'arishwa kwa jiwe la akiki. Rangi zilikorogwa na kiini cha yai. Kwa hiyo uso wa ubao umezibwa, lakini mgongo kwa kawaida uko wazi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, mgongo huunywa upesi kuliko uso, na ubao hujipinda; hewa ikikauka, husinyaa. Jasi haivutiki. Hupata nyufa nyembamba kama unywele, kisha kipande cha rangi huinuka kingo zake kama gamba la samaki. Kikifika hapo, hata kitambaa cha kufutia vumbi huondoka nacho.

Mtu aliyetulia hutoa takriban gramu 50 za maji kwa saa, kwa pumzi na jasho. Watu 25 hutoa zaidi ya lita moja, na bado hatujahesabu makoti yaliyolowa mvua. Kuna aliyesema kwamba hata tukiwagawa, jumla ni ileile. Sivyo. Kinachoumiza mbao zaidi ni mabadiliko ya ghafla, na nusu saa kati ya kundi na kundi huuacha unyevu utawanyike.

Tena watu 10 wanaona. Maneno ya malaika yameandikwa kwa dhahabu kama kawaida, lakini jibu la Bikira limepinduliwa juu chini, kana kwamba msomaji wake yuko mbinguni. Aliyesimama safu ya nne halioni, wala halioni Ziwa Trasimeno katika kipicha cha chini, pale Maria anapomtembelea Elizabeti. Mahujaji wametoka mbali. Wasirudi bila kuyaona hayo.

Mahudhurio yananiumiza. Mafunzo ya waongozaji yalikuwa manne, sisi ni wanachama 61, waliofika yote ni 7. Makundi madogo yanahitaji waongozaji wengi, na zamu zilizokosa mtu nilizishika mimi.

Ada ni euro 30. Waliolipa ni 24, zikapatikana euro 720. Uchapishaji 410, nauli za waongozaji 215, salio 95. Wapo waliozungumza sana juu ya uamuzi wangu ambao majina yao hayamo katika hao 24. Naomba tuheshimiane.

Mwakani, Mungu akijalia na fedha zikipatikana, tunatarajia kuandika maelezo ya chumba cha sala cha chini, chenye michoro iliyobuniwa na mchoraji Vasari, na pengine kuanzisha ziara za vijana.

Mhazini yupo mezani karibu na mlango hadi saa 11 jioni. Kitabu cha stakabadhi anacho.