Marekani: Chuki inapikwa kwenye ramani

Mhariri,

Makala nyingi kuhusu Marekani siku hizi zinaimba wimbo mmoja: Wamarekani wamechukiana, kwa hiyo demokrasia yao imekwisha. Chuki ipo, sikatai. Wanaoeleza inapikwa wapi ndio wachache.

Baraza la Wawakilishi lina viti 435, na kila baada ya sensa ya miaka 10 mipaka ya maeneobunge huchorwa upya. Katika majimbo mengi wachoraji ni wabunge wa jimbo wenyewe. Chama chenye wingi huwarundika wafuasi wa wapinzani katika eneo moja, au huwatawanya wasitoshe popote. Mchezo huu ni wa kale. Gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts aliidhinisha ramani ya namna hiyo mwaka 1812. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, majaji watano dhidi ya wanne, ilisema mahakama za shirikisho haziwezi kuamua kesi za upendeleo wa kichama katika ramani. Mwaka 2025 Texas ikachora upya bila kungoja sensa ili Republican waongeze viti vitano, na California ikalipiza kwa kura ya maoni iliyowapa Democrat ramani yao. Kila upande ulidai unailinda demokrasia!

Eneo likishachorwa hivyo, mshindi hujulikana tangu kura za mchujo, ambazo wapigaji wake ni wachache na wengi wao ni wakereketwa. Mbunge hana sababu ya kumbembeleza mtu wa chama kingine. Anachohofia ni watu wake kumwita msaliti.

Tazama Januari 6, 2021, wafuasi wa Trump walipovamia bunge kupinga kushindwa kwake katika uchaguzi wa urais wa 2020. Baada ya wavamizi kutolewa bungeni, wabunge 139 wa Republican bado walipiga kura kupinga matokeo ya jimbo moja au zaidi. Maseneta waliofanya hivyo walikuwa wanane tu. Seneta huchaguliwa na jimbo zima, hakuna wa kumchorea mipaka. (Seneti nayo ina dhuluma yake: Wyoming, isiyofikisha watu 600,000, ina maseneta wawili sawa na California yenye karibu milioni 39, na wakazi wa Washington, D.C., walipa kodi kama wengine, hawana hata mmoja.)

Brad Raffensperger, msimamizi wa uchaguzi Georgia, naye huchaguliwa na jimbo zima. Ni Republican. Siku chache kabla ya uvamizi huo, Trump alimpigia simu akitaka zipatikane kura 11,780 za kupindua matokeo ya jimbo hilo. Kura za Georgia zilikuwa zimehesabiwa tena, hata kwa mkono, na jamaa akakataa. Mwaka 2022 Trump alimuunga mkono mpinzani wake katika mchujo, na Raffensperger akashinda. Nguvu ya mfumo ule naiona kwa maafisa kama huyu kuliko kwa yeyote aliyeko Ikulu.

Tena ramani hurekebishika. Michigan wananchi walikusanya saini, wakapiga kura mwaka 2018, na kazi ya kuchora ikahamia kwa tume ya raia 13.

Hapa Kenya muda wa kikatiba wa kupitia mipaka ya maeneobunge yetu 290 ulipita Machi 2024, tume yetu ya uchaguzi na mipaka, IEBC, ikiwa haina makamishna. Wachambuzi wenu wangetusomea hiyo ya Michigan kabla penseli hazijachongwa.

Msomaji wenu,
Mombasa