Asili ya neno si maana yake

Mhariri,

Hoja nyingi katika safu za maoni huanza na "asili ya neno hili ni…", kisha hukumu ikafuata papo hapo, kana kwamba asili ndiyo maana. Sivyo. Chukua "siasa". Katika Kiarabu mzizi wake unahusu kutunza na kuongoza farasi, na huko ndiko lilikotoka pia "saisi", yaani mtunza farasi. Kamusi za zamani za Kiswahili zililipa maana ya upole na utaratibu: aliyesema kwa siasa alisema taratibu, bila ukali. Leo ukilitamka, watu huwaza vyama na uchaguzi. Maana hizo mbili, ya upole na ya vyama, ziliishi pamoja muda mrefu kabla ya ile ya upole kusogea pembeni, na bado haijatoweka.

"Bepari" linaonyesha zaidi. Lilitoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara, basi. Kufikia Azimio la Arusha, 1967, ubepari ulikwisha kupangwa pamoja na ukabaila, mfumo wa kupigwa vita.

Anayetaka kujua neno hilo lilimaanisha nini katika andiko fulani asikimbilie asili. Akusanye sentensi kama 20 za miaka ileile, za waandishi tofauti. Katika kila moja alifunike "bepari" na kuweka "mfanyabiashara". Sentensi ikisimama bila kupoteza kitu, hiyo ni maana ya zamani. Ikipoa, lawama ikapotea, maana imekwisha kuhama. Kisha atazame majirani wa neno: bidhaa, duka na mzigo ni kundi moja, mnyonyaji na kupe ni jingine. Sentensi za makundi hayo mawili zikichanganyika nusu kwa nusu asishangae, ndicho kipindi chenyewe cha mpito.

Hapa wengi hukosea mara mbili. Hutegemea kamusi moja, nayo kamusi huchelewa: maana huingia humo ikiwa imekwisha kuzoeleka midomoni, na ya zamani hubaki humo hata wasemaji wakiiacha. Pili, hutafuta kwa tahajia ya leo. Krapf, mmisionari Mjerumani ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, aliandika "Suahili", tena alisikiliza zaidi lahaja ya Mombasa. Ukitafuta kwa tahajia sanifu tu, utaambulia patupu na kudhani neno halikuwepo.

Msomaji wenu