Malalamiko: programu yenu inachanganya namba za mahitaji kwenye kodi (code) ya pampu yetu

Habari za kazi ndugu zangu wa sapoti,

Hii ni mara ya nne naandika kwa tiketi ileile, na safari hii naomba aisome mtu anayejua programu yenu inatoaje kodi kwenye modeli, yaani mchoro wa maboksi tunaouchora, maana majibu yote matatu niliyopata yananiambia nifute kashe (data ya muda) nitoe kodi upya, nimeshafanya hivyo mpaka nimechoka na tatizo ni lilelile.

Sisi tunatengeneza pampu ya dripu, daraja C la IEC 62304 (kiwango cha kimataifa cha programu za vifaa tiba), yaani programu ikikosea mgonjwa anaweza kufa. Kila hitaji, yaani jambo ambalo pampu lazima ilifanye, lina namba, tunaliunga na boksi lake kwenye modeli, halafu nyie mkitoa kodi ya lugha ya C ile namba inakaa kama komenti (maelezo ya msomaji, kompyuta haiyaendeshi) juu ya mstari wake, mkaguzi akiuliza liko wapi unamwonyesha kwa kidole. Leseni tulinunua kwa ajili ya hicho.

Sasa tangu tuapdeti, hitaji 214, linalosema sensa ikiona kiputo cha hewa kwenye mrija mota isimame, komenti yake imehamia juu ya mstari wa kupunguza sauti ya alamu! Mstari wa kusimamisha mota umebaki mtupu. Na ripoti yenu inaonyesha kijani, asilimia 100, eti kila hitaji lina mstari wake. Nimegundua kwa sababu tu nilikuwa naisoma ile faili mstari kwa mstari usiku, nikaogopa kweli.

Nilichokiona, ukifungua modeli ya zamani kwenye vesheni mpya namba za ndani za maboksi zinapangwa upya ila viungo vya mahitaji vinabaki na namba za zamani.

Mtu wenu kaniandikia eti "ni komenti tu, kodi inafanya kazi". Jamani! Kesho mwenzangu akiambiwa abadilishe hitaji 214 atafuata komenti, atagusa alamu, mota itabaki vilevile na hakuna atakayejua. Kati ya 2005 na 2009 FDA ya Marekani (mamlaka yao ya chakula, dawa na vifaa tiba) ilipokea ripoti kama 56,000 za matatizo ya pampu hizi, na programu ilikuwa mojawapo ya sababu.

Nataka mniandikie ni vesheni zipi zimeathirika, mrekebishe, na ripoti isiweke kijani kabla haijakagua kiungo chenyewe. Pia mtuongezee muda wa leseni, wiki ya tatu hii tunalinganisha kwa mkono. Nimeambatanisha modeli ya maboksi manne tu, ifungueni mtaliona.