Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Mama zangu na dada zangu, habari za siku. Tuanze na hela tusije tukalaumiana mbele: michango ilisuasua mpaka mwezi wa sita, baadae mkajitahidi, hesabu zote anazo mweka hazina, mwenye swali amuulize yeye asianzie kwenye grupu la wasapu saa tano usiku.

Kubwa la mwaka huu ni tepu ya fundi cherehani, ile ya kupimia tumbo la mjamzito kuona kama mtoto anakua. Mnakumbuka nesi alivyomlaza mwenzetu kwenye mkeka akampima toka kwenye kinena mpaka mfuko wa uzazi unapoishia juu, zikatoka sentimita 28 na mimba ina wiki 32. Kuanzia wiki 24 hivi sentimita na wiki huwa zinaenda pamoja, zikipishana zaidi ya tatu au zikigoma kupanda sio lazima kuna shida maana wengine wadogo kwa asili tu, ila ultrasaundi unatakiwa, waone mtoto anakua na damu inapita sawasawa kwenye kamba ya kitovu. Mwenzetu akakutwa presha juu, kondo halimpi mtoto chakula cha kutosha, akalazwa, wiki ya 35 wakamzalisha. Kilo 1.7, kichwa cha mtoto kweli lakini mapaja kama vidole vyangu! Usiku wa kwanza sukari ikashuka, mwili baridi, akabebwa kifuani ngozi kwa ngozi mpaka akachangamka.

Kilichoniuma ni maneno ya nyumbani, eti mtoto mdogo kwa sababu mama alikuwa hali chakula. Jamani, mara nyingi ni kondo lenyewe, presha, au malaria iliyojificha kwenye kondo wala homa husikii, ndo maana kliniki wanatupa SP, vile vidonge vya kukinga malaria kwa wajawazito. Na nyie mnaojinyima kula ili mtoto awe mdogo atoke kirahisi, acheni, aliyedumaa tumboni uchungu unamchosha haraka na wengine wanaondoka kimyakimya kabla hata ya kuzaliwa. Mtoto akipunguza kucheza tumboni nenda siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Tulipokosea: kituo kimoja tulikuta kadi nyingi pale pa kimo cha mimba hapajaandikwa kitu, tukaenda kufoka badala ya kuuliza. Nimeshaomba radhi kwa niaba yenu, na siku hizi wanapima.

Mwezi wa pili tunachagua katibu. Khanga za kubebea watoto ziko kwangu, zimebaki jozi nne, mlioazima rudisheni, zikiwa zimefuliwa tafadhali.